Kisu Kisichooshwa

Venanti alikuwa na mkono mzuri. Uliza kuanzia Kizuka mpaka Muhuta, watakuambia hivyo hivyo, hata wale ambao migomba yao imekufa yote. Watasema alikuwa na mkono mzuri, halafu watakuuliza kama umeshakula.

Mimi ni muuza ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Nauza kwa miguu. Zamani nilibeba beseni kichwani, siku hizi ni mfuko begani, kwa sababu shingo imekataa. Nanunua Rumonge pale wanapozianika, napanda nazo vilimani, nashuka nazo Minago na Magara, na miguu ikikubali nafika Kabezi. Shule nilisoma miaka minne tu, ukiacha ile ya Kurani. Kwa hiyo mambo ya labo, ya maabara, nitakayoyaeleza hapa nayaeleza kama nilivyoelezwa. Nikikosea, kosa ni la masikio yangu.

Tulifahamiana wakati wale waliokimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili hapa Burundi walipokuwa wanarudishwa kutoka Tanzania kwa malori. Venanti alikimbia akiwa na miaka minane, ndani ya mtumbwi wa mtu wasiyemjua, yeye na mama yake na dada yake mkubwa, Evangelina. Walikaa Mishamo, makazi ya wakimbizi kule Tanzania, miaka thelathini na kitu. Mama yao alizikwa huko huko. Venanti alirudi Kizuka na mke, watoto wanne, Kiswahili cha kunyooka ambacho watu wa soko walikuwa wanamchokoza nacho ("Jamani, naombeni chumvi!" walikuwa wanamwigiza), na kisu kimoja.

Kisu kile kilifuliwa Mishamo kutokana na springi ya lori. Kilikuwa kimepinda kidogo mbele, na bapa lake lote lilikuwa jeusi tii, isipokuwa makali. Siku ya kwanza nilidhani ni kutu.

"Muzee, hiki kisu unakiosha lini?" nilimuuliza.

"Sikioshi."

"Hata na majivu?"

"Hata na majivu. Huo ni utomvu, Anwari. Mgomba ukisikia harufu ya mwenzake kwenye kisu, hauogopi. Ukija na kisu kinachong'aa unashtuka, kama mtoto aliyeona sindano."

Sikucheka. Wakataji wote wa zamani wa pwani hii walikuwa hivyo hivyo. Utomvu mweusi kwenye kisu ulikuwa kama cheti cha shule, unaonyesha mtu amefanya kazi miaka mingapi. Aliyekuja na kisu safi aliulizwa kama amekinunua jana.

Labda wewe unayesoma hujawahi kulima migomba, basi nikueleze. Mgomba unazaa watoto wengi kuuzunguka. Ukiwaacha wote, mama anakonda na hakuna anayeshiba. Ukikata ovyo, unaua ukoo. Inatakiwa ubaki mama, mtoto mmoja na mjukuu mmoja, na kujua ni mtoto yupi wa kubakiza, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Halafu kuna ule mkia mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu, lazima ukatwe kwa siku yake. Venanti alikuwa anaingia shambani na kofia mkononi, anaisalimia migomba, "Amahoro, akina mama," kisha anazunguka bila kugusa kitu, kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ndipo anakata. Mwaka uliofuata mikungu ilikuwa mizito mpaka inawekewa nguzo.

Na mimi ndiye niliyeeneza jina lake. Hili nalisema mapema. Kila nyumba niliyopima ndagala niliuliza, "Bado hamjamwita Venanti?" Wakanituma, "Mwambie aje Jumanne." Nikamwambia, na mara nyingi tukaenda pamoja, yeye na kisu chake, mimi na mfuko wangu. Walimpa maharage, walimpa kuku, mara nyingine alirudi na mkungu mzima kichwani akiimba. Mke wake alikuwa anasema, "Nimeolewa na barabara."

Uzio mmoja tu hakuwa anaingia. Wa dada yake.

Evangelina alitangulia kurudi kwa mwaka mmoja, na alirudi na miche mitatu ya ndizi iitwayo Kitambi. Inaitwa hivyo kwa sababu vidole vyake ni vifupi na vinene, kila kimoja kama mtu aliyekula harusini. Ukiichemsha na ndagala mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila kuongeza kitu. Ilikuwa ndizi ya huku kwetu tangu mababu. Mama yao aliing'oa Kizuka asubuhi ile ya kukimbia, akaifunga mgongoni na kitenge.

"Mimi nilitembea, ndizi ikabebwa," Venanti alikuwa anapenda kusema, na kila aliposema alicheka mpaka kukohoa.

Wakati wanarudi, Kitambi ilikuwa imeisha Kizuka. Watu walipanda michikichi, wakapanda ndizi za pombe zinazozaa haraka, za zamani zikasahaulika. Ikawa ipo kwa Evangelina tu, pembeni ya nyumba yake, ndani ya uzio wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe. Mkungu wa kwanza ulipotoka, alisema utaliwa siku ya kuganduka, yaani siku ya kumaliza msiba wa mama yao, ambayo hawakuwahi kuifanya vizuri kule ugenini. Chakula cha mama kutoka ardhi ya mama. Alikuwa anauhesabu kila asubuhi, chana kwa chana.

Sasa, mtoto wa kwanza wa Venanti akaoa. Wageni walikuja kutoka Mishamo, wengi kuliko walioalikwa. Evangelina alikuwa Bujumbura, hospitali, kwa ajili ya macho. Venanti akaona wageni wanatazama sufuria, akaingia kwa dada yake na kisu, akakata ule mkungu. Alijiambia, cha dada yangu ni changu. Na kweli wageni walishiba. Mimi mwenyewe nilikula sahani mbili.

Evangelina aliporudi hakupiga kelele. Alisimama mlangoni kwake, jicho moja limefungwa bandeji, akamwambia mdogo wake, "Umewalisha wageni chakula cha mama. Basi. Wewe njoo kunisalimia siku yoyote. Kisu hicho kisivuke tena uzio wangu."

"Dada, mimi na kisu ni kitu kimoja."

"Basi mbaki huko wote wawili."

Wakabaki huko. Miaka kumi na minne. Walikuwa wanasalimiana barabarani, kanisani walikaa benchi moja, lakini uzio ule hakuuvuka. Migomba ya Evangelina ilijaa watoto, hakuna wa kuipunguza, macho yake hayakumruhusu. Mikungu ikawa midogo. Watu walisema mama huyu ni mchoyo hata kwa shamba lake mwenyewe. Na mimi nilisema hivyo, nyumba kwa nyumba, pamoja na habari zangu nyingine.

Ugonjwa ulianzia kwa Boaz, jirani yake Venanti pale Kizuka, mtu mpole mwenye shamba kubwa la migomba. Ni ule mnyauko wa migomba tunaouita kirabiranya. Majani yanalegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Mkungu unaiva kabla ya siku zake, ukipasua ndizi ndani ni kahawia, na ukikata shina linatoa uchafu wa manjano kama usaha. Boaz alimwita nani? Alimwita Venanti. Venanti akaja na kofia mkononi, akasikitika, akaikata ile iliyougua. Kisha, ili kuitia nguvu mizima, akapunguza watoto wake, mstari kwa mstari, kwa kisu kile kile. Jioni hiyo Boaz alimshukuru mpaka barabarani. Keshokutwa yake tulikuwa Minago.

Miezi michache baadaye nikakutana na Joanita kwenye soko la Kizuka. Joanita ni agronomu, mtaalamu wa kilimo, mtoto wa mama mmoja muanika samaki wa Rumonge, nilimjua tangu anatambaa kwenye nyavu. Sasa alikuwa amesoma sana, amevaa buti za mpira, na alikuwa na mfuko umejaa vikaratasi. Anakata kipande cha jani kama ukucha, anakitia kwenye kikaratasi, anaandika namba. Alinunua ndagala kwangu, akaniuliza nafika mpaka wapi. Nikamwambia.

"Basi baba, nisaidie," akasema. "Waambie watu kisu kipite kwenye moto kati ya mgomba na mgomba, kila mara, mpaka kiwe cha kuunguza. Na ule mkia wa mkungu wasiukate na kisu, wauvunje na mti wenye panda. Na wa kwanza kumwambia ni Muzee Venanti."

"Kwa nini usimwambie wewe?"

"Mimi? Ataniona mutoto. Wewe ni rafiki yake. Baba Anwari, usisahau. Wa kwanza, yeye."

Sikusahau. Ningependa kuandika hapa kwamba nilisahau, mtu wa umri wangu angeaminiwa. Nilienda siku hiyo hiyo. Nilimkuta kwenye kigoda, jiwe la kunolea mapajani, anapitisha makali polepole. Kisu kilikuwa cheusi kama kawaida. Nikaona haya. Kumwambia Venanti achome kisu chake ni kama kumwambia shehe hajui kutawadha. Na springi ya lori ukiitia motoni si inalegea? Nikajitafutia sababu nyingi kwa muda mfupi.

"Kuna agronomu huko sokoni," nikasema. "Anasema visu visafishwe."

"Yeye amekata migomba mingapi?"

"Sijui."

"Kaulize kwanza."

Tukacheka wote wawili. Mke wake akaleta muhogo. Habari ya moto sikuitaja. Kwamba ametajwa yeye kwa jina, wa kwanza, sikulitaja hilo pia. Wiki ile tukaenda Magara, na baada ya Magara, Muhuta.

Ikapita miaka miwili. Ulikuwa wakati ule ziwa lilipopanda, nyumba za karibu na maji zikaingiliwa, watu wakawa na mambo mengi ya kulia. Lakini ukipita barabarani uliona pia mashamba ya manjano, shamba baada ya shamba, mashina yamelala. Mama Consolée wa Kizuka alifyeka yote akapanda mihogo. Nilipofika na ndagala watu walinipikia ugali, ndizi hakuna. Na katikati ya yote hayo, ndani ya uzio wa miyenzi, Kitambi ya Evangelina ilisimama kijani, imejazana kama watu msibani.

Joanita aliporudi na wenzake alisimama mbele ya uzio ule akasahau kusalimia. Aliomba miche miwili. Alieleza kwamba ndani ya kila mmea kuna vinasaba, kitu kama urithi ambao mzazi anampa mtoto, na huenda Kitambi, kwa kuwa ni ndizi ya zamani ya hapa, ina kitu ndani ya urithi wake kinachoukataa ugonjwa. Kama ni hivyo, itasaidia watu wengi, siyo Rumonge tu.

Evangelina alitoa miche miwili bila kuombwa mara ya pili. Mchoyo gani huyo? Hapo ndipo nilipoanza kuona haya kidogo, lakini kidogo tu.

Aliyefurahi kuliko wote ni Venanti. Alizunguka Kizuka nzima kama aliyepata mjukuu. "Mama alijua! Mnaona? Alinishusha mimi akaibeba ndizi, alijua!" Alipanga kila aliyepoteza shamba apewe mche wa Kitambi, na yeye mwenyewe ataenda kuipanda na kuitunza bila kupewa hata kuku. Alisema dada yake sasa hawezi kukataa. Alinoa kisu.

Joanita alileta majibu kiangazi kile. Watu walikusanyika uani kwa Boaz, wengine walitoka mpaka Minago. Evangelina alikaa mbele kwenye kiti, fimbo mapajani. Venanti alikuwa nyuma, amesimama karibu na mimi.

"Tuliupanda mche wa Kitambi kwenye nyumba ya kioo, mahali ambapo hakuna nyuki wala kisu," Joanita alisema. "Tukauambukiza kwa makusudi. Ulianguka baada ya wiki tatu, kama ndizi nyingine. Poleni. Haina kinga."

Watu wakaguna. Boaz akauliza, "Sasa kwa nini ile ya mama iko nzima?"

"Nafika hapo, baba."

Akatoa karatasi. Akasema vijidudu vya ugonjwa navyo vina ukoo. Ukitazama vinasaba vyao unaona hiki ni mtoto wa kile, na kile ni mtoto wa kingine, kama sisi tunavyotaja baba na babu. Majani yote waliyokata, tangu Kizuka mpaka Muhuta, vijidudu vyake vilikuwa vya nyumba moja. Mkubwa wao alikuwa pale pale, kwa Boaz. Kisha akasoma walivyofuatana. Kutoka kwa Boaz kwenda kwa mama Consolée. Kutoka hapo kwenda Minago, mashamba matatu. Minago kwenda Magara, kwa mwalimu, kisha kwa mjane wa karibu na mto. Magara kwenda Muhuta.

Mimi nilikuwa nasikia miguu yangu. Kila alipotaja mahali niliona chakula tulichokula hapo. Kwa mwalimu tulipewa maboga. Kwa mjane kulinyesha, tukalala njaa kidogo.

Venanti alivua kofia.

"Binti," akasema, "hiyo orodha umeipata wapi?"

"Kwenye majani, muzee."

"Hapana. Hiyo ni safari yangu."

Hakuna aliyegeuka kwanza. Halafu wote wakageuka. Joanita alijaribu kumsaidia. Alisema nyuki pia wanabeba, visu vya watu wengine pia, hakuna anayeweza kumnyooshea mtu mmoja kidole. Alisema hayo yote huku ananitazama mimi, siyo yeye. Nikatazama ndala zangu.

"Na kwa dada yangu?" Venanti akauliza.

Joanita akakunja karatasi. "Kwa mama haujafika tu, muzee. Siyo nguvu ya ndizi. Hakuna kilichoupeleka."

Evangelina alishika fimbo yake akaenda nyumbani, anapapasa njia.

Kesho yake asubuhi Venanti alikuja kwangu Rumonge. Hakuwa na kisu. Sikuwahi kumwona bila kisu, na mkono wake wa kulia ulikuwa haujui ukae wapi. Mara mfukoni, mara mgongoni.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kule kule. Kwa kufuatana."

Tulitembea siku sita. Katika kila uzio alisimama nje, anaita, mwenye nyumba akitoka anamwambia, "Ugonjwa niliuleta mimi, kwa kisu changu. Sikujua. Nimekuja ulijue kutoka kwangu." Maneno yale yale, hakuongeza, hakupunguza. Mama Consolée alilia, akamwambia aingie akae. Mwalimu wa Magara alimwambia hayo ni mambo ya sayansi, asijitese, kisha akafunga mlango haraka kidogo. Kijana mmoja Minago alimwuliza kwa kejeli, "Muzee, leo hauwasalimii akina mama?" na akanyoosha mkono kwenye shamba tupu. Venanti akavua kofia kweli, akainama mbele ya yale mashina yaliyooza. Kijana akaondoka hapo.

Boaz ndiye aliyemuumiza zaidi, na Boaz hakutaka kumuumiza. Alimshika mikono yote miwili, akasema, "Lakini mimi ndiye niliyekuita. Nilikubembeleza. Unakumbuka? Nilikubembeleza uje."

Siku zote sita nilikuwa pembeni yake. Nyumba baada ya nyumba nilimsikia akisema "sikujua". Na mimi nilikuwa najua. Miaka miwili nilikuwa nimebeba neno ambalo lingesimamisha safari ile Minago. Kila jioni nilisema kesho nitamwambia. Barabara ilikuwa ndefu, nafasi zilikuwa nyingi. Mara moja nilianza, karibu na Magara, tumekaa tunapumzika, nikasema, "Venanti, unakumbuka siku ile ya muhogo?" Akasema, "Muhogo upi?" Nikamwambia basi, niliota njaa. Akacheka kidogo. Ndiyo mara pekee aliyocheka katika siku zile, nami nikajiambia si vizuri kumharibia.

Uzio wa mwisho ulikuwa wa Evangelina. Tulimkuta Joanita hapo. Alikuwa amekuja kuchukua miche zaidi kabla nyuki hawajauleta ugonjwa, kwa sababu, alisema, hata kama Kitambi haina kinga, ni ndizi ya hapa na haipo mahali pengine wanapopajua, ikipotea imepotea. Walitaka kuilea kwenye vichupa vya kioo, kipande kidogo cha moyo wa mche kikizaa vingine, mpaka ipatikane miche mingi iliyo safi. Lakini migomba ile ilikuwa imejazana miaka kumi na minne. Kuutoa mche bila kuuumiza moyo wake wala mama yake ilitaka mtu anayejua.

Joanita alimtazama Venanti, kisha Evangelina. "Mama," akasema taratibu, "mtu mwenyewe huyu hapa. Kisu changu kimetoka motoni, atumie changu."

Evangelina alikuwa ameshika ufito wa mlango wa uzio. Niliona midomo yake ikitembea.

"Mdogo wangu," akasema, "sina hasira tena. Lakini hii ndiyo iliyobaki ya mama, nami naogopa. Naogopa mkono wako."

Venanti akasema, "Ni sawa, dada. Hata mimi nauogopa. Nitasimama hapa."

Akasimama nje ya miyenzi, mikono nyuma, akamwelekeza Joanita kwa mdomo. "Huo hapana, huo ni mnene lakini mizizi yake iko juu. Wa nyuma yake. Ondoa udongo kwa vidole kwanza. Chini zaidi. Unaona anapomshika mama, pale shingoni? Hapo. Geuza kisu. Siyo hivyo, binti, unachinja, geuza. Ndiyo." Joanita alikuwa anatoka jasho. Alikosea mche mmoja ukapasuka, na Venanti akafumba macho kama aliyekanyagwa. Mpaka jua linasogea walitoa mitano mizuri. Mkono wake wa kulia, kule nyuma mgongoni, ulikuwa unakata pamoja nao, hewani. Mimi nilikuwa nyuma yake, niliuona.

Joanita alipoondoka, Evangelina alichemsha ndizi zilizokuwepo na ndagala zangu. Akaja na sahani mpaka kwenye miyenzi, akaipitisha juu.

"Umekula?" akamwuliza mdogo wake.

"Bado."

"Basi kula."

Alikula akiwa amesimama pale pale nje, polepole, na dada yake alisimama ndani akisikiliza anavyokula, kwa kuwa kuona hakuweza vizuri. Mimi nilipewa sahani pia. Nilishindwa kuimaliza.

Venanti alifariki mwaka jana, masika, homa ya siku nne. Kisu tulikikuta kimefungwa kwenye gunia chini ya kitanda, utomvu umekauka juu yake. Mke wake aliniuliza kama nakitaka. Nikasema hapana.

Baada ya kuganduka nilienda kwa Evangelina, nikamwambia yote. Sokoni, Joanita, moto, muhogo, siku sita. Alikuwa anapeta maharage, anayachagua kwa vidole. Hakuacha kupeta.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akasema.

"Yeye hayupo."

"Alikuwepo siku sita."

Nilitaka anitukane, au aniambie pole. Aliendelea na maharage, mpaka ungo ukawa safi.

Mwezi huu Joanita ameleta Kitambi kutoka labo, miche ishirini na mbili kwenye vifuko vyeusi, midogo, majani mawili matatu, mizima. Evangelina ameniita. Ametenga miwili ya kwake. Ishirini iliyobaki anataka ifike kwa wale wote waliopoteza, kwa kufuatana, kuanzia kwa Boaz.

"Mimi siwezi kutembea," akasema. "Wewe kazi yako ni barabara. Lakini safari hii, Anwari, ukifika kwa mtu, sema kwanza maneno ya moto. Yote. Usimpe mche kabla hujamaliza. Ndagala utauza baadaye."

"Na wakiniuliza nani alisema hivyo?"

"Waambie uliambiwa tangu zamani."

Jana nilifika kwa Boaz na mfuko wa ndagala begani na vifuko vinne kwenye beseni la zamani, nimelirudisha kichwani, shingo ipende isipende. Boaz alitoka akifuta mikono, akaona majani yale madogo, akacheka kama mtoto, akanyoosha mikono kuyapokea.

"Ngoja, Boaz," nikamwambia. "Kaa chini kwanza. Kuna kitu nilitumwa."